Kuimba kwa Kunyata: Albamu ya Shaka Zulu na Sikio la Kanisa

Katika makala za imani tumezoea kupendekezeana vitabu. Ni mara chache mchungaji akasimama kupendekeza albamu ya muziki, na ni mara chache zaidi akapendekeza albamu ambayo nyimbo zake nyingi si za dini. Hapa tunafanya hivyo kwa makusudi. Albamu yenyewe inaitwa Shaka Zulu, ya kikundi cha Ladysmith Black Mambazo cha Afrika Kusini, nayo ilitoka mwaka 1987. Sisi tuliifahamu tukiwa wanafunzi wa kipaimara, kupitia kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, na tangu wakati huo waimbaji hawa hawajatutoka masikioni. Tuliwasikiliza tukiwa vijana wa kwaya, tukawasikiliza tukiwa wachungaji wapya kwenye mitaa ya vijijini, na tunawasikiliza leo tukiwa walimu katika chuo cha theolojia.

Hata hivyo, mapenzi ya ujanani hayatoshi kuwa sababu ya kumshauri mtu mwingine. Kila mmoja ana nyimbo alizozipenda akiwa na miaka kumi na mitano, na jirani yake hana wajibu wa kuzipenda. Sababu yetu ni nyingine. Tunaamini kwamba albamu hii inaweza kulikumbusha Kanisa letu jambo ambalo tumeanza kulipoteza polepole: kwamba watu wanaoimba pamoja hutakiwa kwanza kusikilizana, ndipo wasikike.

Walikotoka waimbaji hawa

Kikundi hiki kilianzishwa na Joseph Shabalala, kijana aliyekulia mashambani karibu na mji wa Ladysmith, katika eneo ambalo leo ni jimbo la KwaZulu-Natal. Kama vijana wengi wa wakati wake, alikwenda Durban kutafuta kazi viwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikusanya ndugu na jamaa zake, wa ukoo wa Shabalala na wa ukoo wa Mazibuko, wakaanza kuimba. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1964 aliota ndoto iliyojirudia kwa miezi kadhaa, akisikia kundi likiimba kwa upatanifu ambao hakuwahi kuusikia, na kwamba kazi yake baada ya hapo ilikuwa kuwafundisha wenzake kile alichokisikia usingizini. Jina la kikundi lina maneno matatu. Ladysmith ni mji wa nyumbani. Black ni kwa heshima ya maksai weusi, wanyama wenye nguvu kuliko wote shambani. Mambazo linatokana na neno la Kizulu la shoka, kwa maana kwamba wakiingia kwenye mashindano, wapinzani huangushwa kama miti.

Mtindo wanaoimba unaitwa isicathamiya. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kizulu chenye maana ya kunyata, kutembea kwa ncha za vidole. Asili yake ni kwenye mabweni ya wafanyakazi wa migodini na viwandani, ambako wanaume waliotengwa na wake zao na watoto wao kwa miezi mingi walijipa faraja kwa kuimba usiku. Inasimuliwa kwamba walijifunza kucheza kwa hatua nyepesi ili wasiwaamshe walinzi wa kambi. Jumamosi usiku walishindana, bweni kwa bweni, mara nyingi hadi Jumapili alfajiri, na zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi. Wazee wa nyanda zetu za juu kusini waliowahi kwenda Wenela, kama walivyoiita safari ya kufanya kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini, waliyajua maisha ya mabweni ya namna hiyo. Kwa hiyo tunaposema kwamba muziki huu ni wa watu wa mbali, tukumbuke kwamba baadhi ya babu zetu walilala kwenye vitanda vya aina ileile.

Kuna undugu mwingine. Sauti nne tunazozisikia katika isicathamiya zilikutana na nyimbo za kanisa zilizoletwa na wamisionari. Wazulu walikuwa tayari na uimbaji wao wa mmoja kuanzisha na wengi kuitikia. Walipopokea tenzi za sauti nne hawakuacha uimbaji wao, waliviunganisha viwili. Sisi Walutheri wa Tanzania tunaifahamu habari hiyo, kwa sababu nasi tulipita njia inayofanana nayo. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, aliandika Mfurahini, Haleluya, na wimbo huo wa Pasaka wenye sauti ya Kihaya leo unaimbwa hata na makanisa ya Ulaya na Marekani. Muziki wa kanisa barani Afrika umekuwa na nguvu zaidi pale watu walipoipokea Injili bila kuyatupa masikio yao wenyewe.

Besi saba

Katika miaka ya albamu hii kikundi kilikuwa na watu kumi. Mpangilio wao hushangaza kila mwalimu wa kwaya anapousikia kwa mara ya kwanza: kiongozi mmoja, alto mmoja, teno mmoja, na besi saba. Kwa hesabu ya kawaida tungesema kwamba kwaya hiyo imeelemea upande mmoja. Saba chini, watatu juu! Lakini sikiliza kinachotokea. Besi hizo saba haziungurumi. Zinaimba kwa sauti ya kiasi, kama watu wanaozungumza usiku katika chumba ambamo mtoto amelala. Zikiwekwa pamoja zinakuwa kama ardhi pana na laini, na juu yake sauti nyembamba ya Shabalala inaweza kutembea, kusimama, kuuliza swali, kucheka, na kurudi. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna kinanda. Mapigo yanatoka katika pumzi, katika kupigwa kwa ndimi, na katika hatua za miguu ambazo msikilizaji wa kanda hazioni lakini anaweza kuzihisi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kutuuliza darasani kwa nini besi wote saba wasipaze sauti ili wimbo uwe na nguvu zaidi. Jibu ni kwamba wakipaza, hawatamsikia kiongozi, na wasipomsikia kiongozi hawatajua wapi pa kuingia. Katika muziki huu kiongozi hahesabu mapigo kwa mkono. Hutupa neno, na wengine hulidaka. Anayeimba kwa nguvu kuliko anavyosikiliza atalikosa neno hilo. Ndiyo maana upole wao ni kanuni ya kazi kabla ya kuwa pambo. Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anaeleza mwili wenye viungo vingi ambamo viungo vinavyoonekana dhaifu ni vya lazima, na ambamo hakuna kiungo kinachoweza kukiambia kingine kwamba hakihitajiki. Tumefundisha sura hiyo mara nyingi kwa ubao na chaki. Tunakiri kwamba nyimbo hizi huifafanua haraka kuliko sisi.

Sasa tuangalie nyumbani. Katika sharika nyingi siku hizi kwaya huimba mbele ya spika mbili kubwa, kinanda kikipiga mapigo yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani, na kila mwimbaji wa mbele akiwa na kipaza sauti chake. Hatusemi kwamba ala ni dhambi. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinubi na matoazi, tena matoazi yavumayo sana, na hatuna mamlaka ya kuyanyamazisha. Tunachosema ni kwamba kuna gharama. Mama aliyekaa benchi la sita, ambaye zamani aliimba sauti ya pili aliyofundishwa na mama yake, sasa hajisikii. Kwa kuwa hajisikii, anaacha kuimba. Baada ya miaka michache anazoea kutazama. Na mtoto aliye mapajani mwake hatajifunza sauti ya pili kutoka kwake. Katika chuo chetu tunaona matokeo: vijana wenye vipaji, wanaoongoza sifa kwa ustadi mkubwa kinanda kikiwepo, wakiombwa kuimba tenzi kutoka Tumwabudu Mungu Wetu kwa sauti nne bila ala, wanatazamana. Sauti wanazo. Ambacho hawajakizoea ni kumsikiliza aliye kando yao.

Hilo ndilo suala lililo nyuma ya makala haya. Luther alipanga tenzi ziimbwe na watu wote kwa sababu aliamini kwamba Neno la Mungu linapaswa kukaa kinywani mwa kila muumini, si cha padri peke yake wala cha wanakwaya peke yao. Tukiwafanya washarika kuwa watazamaji wa waimbaji hodari, tutakuwa tumejenga upya ukuta ambao Matengenezo ya Kanisa yaliubomoa, safari hii kwa nyaya na spika.

Golgotha jirani na mvua

Albamu ina nyimbo kumi. Mbili kati yake, At Golgotha na King of Kings, zinamtaja Kristo waziwazi tangu kwenye majina yake. Nyingine zinahusu mambo ya kila siku. Wa kwanza, Unomathemba, ni wimbo wao wa zamani uliorekodiwa upya, kwani ulikuwemo tayari katika albamu yao ya kwanza, Amabutho, ya mwaka 1973. Jina lenyewe ni la msichana, na ndani yake mna neno la Kizulu la tumaini. Unaofuata, Hello My Baby, ni salamu ya kijana kwa mpenzi wake, yenye mzaha na uchangamfu. Upo wimbo wa kuita mvua, upo wa kuwasifu mashujaa wa nyumbani, na wa mwisho unamuuliza mtu alikuwa akizungumza na nani, swali ambalo kila mwenye wivu analijua.

Jambo la kutazama ni mfuatano. Salamu ya mpenzi inakwisha, na wimbo unaofuata ni Golgotha. Hakuna kinachobadilika katika namna ya kuimba. Besi ni walewale saba, upole ni uleule, hatua ni zilezile za kunyata. Wapo watakaokwazika hapo. Watasema kwamba mambo matakatifu yamechanganywa na ya dunia, na kwamba kijana wa usharika akisikiliza wimbo wa kwanza hatafika wa tatu.

Sisi tunaona kinyume chake. Katekisimo Ndogo, tunayowafundisha watoto wa kipaimara, katika maelezo ya kifungu cha kwanza cha Imani ya Mitume inahesabu mavazi, chakula, nyumba, mwenzi wa ndoa, watoto na mifugo kuwa ni vipawa vya Mungu. Kifungu cha pili kinatupeleka msalabani. Ni Imani moja, na husemwa kwa pumzi moja. Mungu anayenyesha mvua ndiye aliyetundikwa Golgotha. Mkristo asiyeweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya mchumba na kwa ajili ya mvua atapata shida pia kuelewa ni ulimwengu gani ambao Mwana wa Mungu alikuja kuukomboa. Biblia yenyewe haikuona aibu kuuweka Wimbo Ulio Bora katika kitabu kimoja na Isaya. Na tunapousikia Rain, Rain, Beautiful Rain, sisi tuliozaliwa katika nyumba za wakulima tunajua kwamba kuita mvua ni sala. Kwa Kizulu mvua ni imvula. Ni neno letu lenyewe, limevaa koti tofauti tu.

Tungependa msomaji asimame kidogo pia kwenye wimbo wa tano, The Earth Is Never Satisfied. Jina lake linatukumbusha methali ya Wazulu kwamba ardhi hainenepi, ingawa kila siku inameza watu. Linatukumbusha vilevile Mithali sura ya 30, inayoitaja kuzimu miongoni mwa vitu visivyojua kutosheka. Kila mchungaji aliyesimama makaburini mara mbili katika wiki moja anajua maana ya hayo. Mara nyingi kwenye mazishi tunakimbilia maneno ya faraja kabla waombolezaji hawajapata nafasi ya kusema kwamba kifo kinauma na hakishibi. Wimbo huu unaimbwa bila haraka, kwa sauti ileile ya chini, na baada ya wimbo wa Golgotha na ule wa Mfalme wa wafalme. Hatujui kama aliyepanga mfuatano alikusudia hivyo, lakini ukiusikiliza utaona kwamba umewekwa mahali pake: kifo kinatajwa kwa jina lake na watu ambao tayari wameutaja msalaba.

Je, upole huu ni woga?

Hatuwezi kuipendekeza albamu hii bila kujibu swali gumu. Ilitoka wakati wa ubaguzi wa rangi, na waimbaji wake hawakuwa watu wa nyimbo za mapambano. Walijulikana kwanza kupitia redio ya Kizulu ya shirika la serikali ileile ya makaburu, serikali iliyopenda kuona kila kabila likiimba kivyake. Mwaka 1985 Paul Simon wa Marekani alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki wa huko, wakati ambapo Umoja wa Mataifa ulikuwa umehimiza wasanii kuisusia nchi hiyo. Mwaka 1986 ikatoka Graceland, ambayo Ladysmith Black Mambazo walishiriki, na wengi walikasirika. Simon huyohuyo ndiye aliyesimamia utayarishaji wa Shaka Zulu, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1988.

Sisi Watanzania hatuna ruhusa ya kulipuuza jambo hilo. Nchi yetu ilitoa ardhi pale Mazimbu, Morogoro, ambako ANC ilijenga shule yenye jina la Solomon Mahlangu. Na sisi Walutheri tuna deni zaidi. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais wake, na likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la kuikiri imani, si la siasa tu. Lilikuwa tamko la sauti kubwa, na ilipasa liwe hivyo. Mwaka huohuo wa 1977, Ladysmith Black Mambazo, ambao kiongozi wao alikuwa amempokea Kristo katikati ya miaka hiyo ya 1970, walitoa albamu ya nyimbo za dini iitwayo Ukusindiswa, yaani kuokolewa. Dar es Salaam Kanisa lilikuwa likipaza sauti, na Natal watu wa Kanisa walikuwa wakiimba polepole. Nani alikuwa sahihi?

Wapo watakaosema kwamba anayeimba polepole mbele ya dhuluma anaisaidia dhuluma ilale vizuri. Maneno hayo yana uzito, na hatutayafuta kwa hoja moja. Albamu hii haitoshi kuwa ushuhuda wa Kanisa mbele ya uonevu. Mchungaji atakayeitumia kujitetea kwamba na yeye ameamua kuwa mpole, huku washarika wake wakinyang'anywa mashamba, atakuwa ameiba kitu ambacho si chake. Upole wa mtu aliyebanwa ni tofauti na ukimya wa mtu aliyeshiba.

Lakini tunaomba msomaji aukumbuke mwanzo wa hatua zile. Watu wale walinyata kwa sababu kulikuwa na walinzi. Walikuwa watu ambao sheria iliwaambia kila siku kwamba wao ni mikono ya kazi tu, na usiku wakakaa pamoja wakitengeneza kitu chenye upatanifu na heshima kiasi kwamba aliyekisikia hakuweza tena kuamini sheria ile. Eliya alipokuwa Horebu, kama tusomavyo katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, alipitiwa na upepo, na tetemeko, na moto, na Bwana hakuwamo. Kilichokuja baadaye kilikuwa sauti ndogo mno. Sauti hiyo haikumpumzisha Eliya. Ilimtuma arudi kazini, kupaka wafalme mafuta. Kuna upole ambao Mungu huutumia kuwaandaa watu kwa siku ya kupaza sauti. Mwaka 1993, Nelson Mandela alipokwenda Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, alifuatana na waimbaji hawa hawa.

Wala upole wao haukutokana na maisha mepesi. Mwaka 1991 Headman Shabalala, mdogo wake Joseph na mmoja wa besi tunaowasikia katika albamu hii, aliuawa kwa risasi barabarani na mlinzi mzungu ambaye hakuwa hata kazini. Mwaka 2002 Nellie, mke wa Joseph, aliuawa kwa risasi kwenye eneo la maegesho ya kanisa. Baada ya msiba huo kikundi kilitoa albamu iliyoitwa, kwa Kiingereza, Raise Your Spirit Higher, mwaliko wa kuinua roho juu zaidi. Joseph alifariki mwezi Februari 2020. Mtu akisema kwamba upole wa namna hiyo ni wa watu wasioijua shida, hajawajua waimbaji.

Kasoro zake

Tusiseme kwamba albamu haina kasoro. Kwa kuwa ilitayarishwa kwa ajili ya soko la nje, Kiingereza kimeingia zaidi kuliko katika albamu zao za awali, na mahali pengine maneno ya Kiingereza yanatembea kwa viatu vya kuazima, ilhali Kizulu kikirudi unasikia miguu mitupu kwenye udongo. Nyimbo ni fupi, zimesafishwa sana, na anayewajua kwa rekodi zao za miaka ya 1970 atakosa ule ukwaruzo mdogo wa chumba kilichojaa watu.

Jina nalo linahitaji neno. Kwa waimbaji, Shaka ni fahari ya taifa lililokuwa limedhalilishwa, na tunaielewa fahari hiyo. Lakini nchini mwetu wapo Wangoni wa Songea, ambao wazee wao walitoka kusini kwa sababu ya vita vilivyomkuza Shaka, wakimfuata Zwangendaba, aliyeuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Kwa ndugu hao jina la Shaka lina pande mbili: ujomba na ukimbizi. Jina la shujaa mmoja ni kidonda cha nyumba nyingine, na Mkristo hana budi kukumbuka hilo kila anapowaimbia mashujaa wa kwao.

Namna ya kuisikiliza

Msomaji mpendwa, ukiipata albamu hii, tunakushauri usiisikilize kwenye spika kubwa. Ichezeshe kwa sauti ya chini, jioni, ukiwa na watu wa nyumbani. Mara ya kwanza mfuate kiongozi. Mara ya pili muache, uwafuate besi, na utaona kwamba wimbo uliodhani unaujua ni mwingine kabisa. Usihangaike sana kwa kutojua Kizulu. Umuntu ni mtu na ukufa ni kufa, na mengine yatakuja yenyewe.

Kwa walimu wa kwaya tuna ombi dogo zaidi. Mara moja kwa mwezi, kinanda kipumzike na vipaza sauti vifungiwe kabatini. Chagueni tenzi moja tu ambayo wazee wanaijua kwa sauti nne, muwaombe wazee hao wakae katikati ya vijana, si pembeni yao, na muimbe beti zote kwa sauti ambayo kila mmoja anaweza kumsikia aliye kushoto na aliye kulia. Beti ya kwanza itayumba. Msiongeze nguvu, ongezeni usikivu. Kama pale katikati yupo mama wa benchi la sita ambaye bado anaikumbuka sauti ya pili, mketisheni mtoto karibu naye.